Van Basten au Bergkamp: nani wa kumwonyesha mshambuliaji chipukizi?

Una kijana wa miaka 14 anayecheza mbele. Una simu, una kifurushi kinachotosha kuangalia video kwa saa moja, na unataka saa hiyo aitumie kumtazama mtu aliyeijua kweli kazi ya ushambuliaji. Umwekee nani?

Nafundisha vijana wa umri huo, na wazazi huniuliza swali hili karibu kila wiki. Wengi huja na jibu lao mkononi: yule anayevuma msimu huu. Sina ugomvi na wanaovuma. Lakini kijana akimtazama nyota wa leo huishia kuangalia nywele na namna ya kushangilia. Akimtazama mtu asiyemjua, aliyecheza kabla yeye hajazaliwa, hana cha kuangalia ila mpira. Kwa hiyo mimi huwarudisha nyuma hadi Uholanzi, na huko nimebaki na majina mawili: Marco van Basten na Dennis Bergkamp.

Johan Cruyff, gwiji wa Uholanzi aliyewatangulia, simpandishi kwenye mizani hii kwa sababu yeye ndiye aliyeishika. Tarehe 3 Aprili 1982 Van Basten, akiwa na miaka 17, aliichezea Ajax, klabu ya Amsterdam, kwa mara ya kwanza, na aliyetoka kumpisha alikuwa Cruyff mwenyewe. Kijana akafunga siku hiyohiyo dhidi ya NEC. Desemba 1986, Cruyff akiwa sasa kocha, akampandisha Bergkamp, naye wa miaka 17, bado mwanafunzi. Mei 1987 wote watatu walikuwa Athens kwenye fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya. Van Basten alikuwa nahodha na akafunga bao pekee, kwa kichwa, dhidi ya Lokomotive Leipzig. Bergkamp alitokea benchi. Baada ya msimu ule Van Basten akahamia AC Milan.

Klabu moja, mwalimu mmoja, na umri uliopishana kwa miaka minne na nusu tu. Hata hivyo walikuja kuwa washambuliaji wa aina mbili ambao ukimfuata mmoja, hufiki alikokwenda mwenzake. Ndiyo maana ulinganisho huu una maana kwa mtu anayetaka kuchagua.

Wa ndani ya boksi

Van Basten alikuwa namba tisa halisi. Mrefu, sentimita 188, lakini mwepesi kama winga. Anafunga kwa kulia, kwa kushoto, kwa kichwa, kwa tikitaka. Namba zake za Ajax bado zinanishangaza: mabao 128 katika mechi 133 za ligi. Msimu wa 1985/86 alifunga 37 katika mechi 26 na kutwaa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya. Utasema ligi ya Uholanzi ilikuwa na nafasi nyingi. Sawa, basi mfuate Italia ya miaka ile, ambako beki alimshika mshambuliaji, akamkanyaga, na mwamuzi akasema mpira uendelee. Huko alikuwa mfungaji bora mara mbili, 1990 na 1992, na mara hiyo ya pili alifunga 25 na Milan ikamaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja. Alichukua Ballon d'Or tatu: 1988, 1989 na 1992. Kombe la Ulaya la klabu (leo Ligi ya Mabingwa) alilinyanyua mara mbili, na katika fainali ya 1989 pale Barcelona, Milan ilipoichapa Steaua 4-0, mawili yalikuwa yake na mawili ya Ruud Gullit.

Ila namba hazimfundishi mtoto kitu. Mwonyeshe Euro 1988 huko Ujerumani Magharibi, na uanze kwa kumweleza jambo ambalo watu hulisahau: mechi ya kwanza Uholanzi ilifungwa 1-0 na Umoja wa Kisovyeti, na Van Basten alianzia benchi. Alitoka kwenye msimu ambao enka ilimruhusu kucheza mechi 11 tu za ligi huko Milan. Siku tatu baadaye, mjini Düsseldorf, akaanzishwa dhidi ya Uingereza. Akafunga yote matatu ya ushindi wa 3-1.

La kwanza kati ya hayo ndilo ninalolirudisha nyuma mara nyingi kuliko bao lake lingine lolote. Anapokea pasi ya Gullit ndani ya boksi, beki wa Uingereza Tony Adams yuko naye mwili kwa mwili. Anageuka. Adams anabaki upande ambao mpira haupo tena, na mguu wa kushoto unamaliza kazi. Hakuna mbio wala chenga za mapambo. Kilichotokea ni kwamba Van Basten alijua atageukia wapi kabla pasi haijamfikia, na Adams alikuja kujua baadaye.

Nusu fainali, Hamburg, dakika ya 88, kazi ileile kwa sura nyingine. Pasi inapenya, Jürgen Kohler, beki aliyekuwa akimkaba mtu kama nguo ya mwilini, yuko bega kwa bega naye. Van Basten anateleza chini, anaufikia mpira nusu hatua kabla ya Kohler, na mpira unajiviringisha kwenye kona ya mbali. Ujerumani Magharibi nje, nyumbani kwao.

Halafu fainali, Munich, 25 Juni. Dakika ya 54 Arnold Mühren anachonga krosi kutoka kushoto, ndefu mno, ya kuonekana imepotea. Van Basten yuko kulia, karibu na mstari wa mwisho, na pembe ni finyu kiasi kwamba kuutuliza na kuurudisha nyuma kungekuwa uamuzi wa busara. Hakuusubiri utue. Aliuunganisha juu kwa juu kwa mguu wa kulia, ukampita juu Rinat Dasayev, mmoja wa makipa bora duniani wakati ule, ukashuka nguzo ya pili. Kocha wake, Rinus Michels, mtu mzima aliyeuona mpira wa kila namna, alijifunika uso kwa mkono.

Nimewaona vijana wangu wakijaribu bao lile jioni nzima. Mpira unapaa, wanakata tamaa. Bao lile haliigiki, na hapo ndipo ninapomwona Van Basten kuwa mwalimu mgumu: kilele chake kilitokana na mwili na kipaji ambavyo huwezi kumpa mtoto. Kinachoigika ni kilichotangulia, yaani kwamba krosi ilipoonekana imepotea, yeye tayari alikuwa huko inakokwenda, peke yake, upande ambao mabeki hawakuutazama.

Wa mguso wa kwanza

Kwa Bergkamp ninabadili mwendo wa simulizi, maana yeye wengi wenu mlimwona.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tulikuwa na redio. Mechi ya mwisho ya Van Basten ilichezwa Mei 1993. Bergkamp aliingia Arsenal mwaka 1995, na ligi ya Uingereza ilipoanza kutufikia kwenye vibanda umiza, yeye alikuwa humo kila wiki. Kwa hiyo mzazi wa Bara mwenye miaka hamsini hivi anamjua Bergkamp kwa macho na Van Basten kwa masimulizi. Nalitaja hili kwa sababu linapindua hukumu zetu. Wakati mwingine mtu anadhani anamchagua mchezaji bora, kumbe anachagua ujana wake.

Bergkamp naye alianza kama mfungaji: bora wa ligi ya Uholanzi misimu mitatu mfululizo, 1991 hadi 1993, wa kwanza akiugawana na Romário. Kisha akaenda Inter, na Italia iliyomtukuza Van Basten ikamkunjia uso yeye. Mabao 11 katika mechi 52 za ligi. Aliachwa mbele peke yake katika timu iliyopenda kukaa nyuma, na mchezaji kama yeye bila watu wa karibu ni kama fundi asiye na vifaa. Hata hivyo, mwaka 1994 Inter ilitwaa Kombe la UEFA, naye akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 8.

Arsenal ndiko alikokuwa Bergkamp tunayemjua. Alifika akamkuta nahodha Tony Adams, yuleyule aliyegeuzwa Düsseldorf. Alicheza mechi saba bila bao huku magazeti yakimsema, kisha akafunga mawili dhidi ya Southampton na hakurudi nyuma tena. Kocha Arsène Wenger alipokuja mwaka 1996, alimkuta mtu ambaye tayari alicheza kama timu ambayo Wenger alitaka kuijenga. Matunda yake ni ubingwa wa ligi ya Uingereza mara tatu, 1998, 2002 na 2004, ule wa mwisho bila kupoteza mechi. Kwenye ligi hiyo alifunga mabao 87 na kutoa pasi za mwisho 94. Alitoa kuliko alivyochukua, na kwa mshambuliaji hilo ni jambo la kusimama na kulitazama.

Sasa video. Marseille, 4 Julai 1998, robo fainali ya Kombe la Dunia, Uholanzi na Argentina ziko 1-1, mechi inakwisha. Frank de Boer anapiga mpira wa juu kutoka nyuma, zaidi ya mita 50. Mguso wa kwanza: Bergkamp anaruka, anaupokea hewani kwa mguu wa kulia, mpira unatulia kama umetua kwenye mkeka. Wa pili: anaupitisha ndani, beki Roberto Ayala anapita kama mtu aliyekosa basi. Wa tatu: kwa nje ya mguu uleule, juu ya kipa Carlos Roa. Miguso mitatu, mguu mmoja, na kila mguso unaandaa unaofuata. Mwambie kijana asimamishe video baada ya kila mguso akueleze ule uliofuata ungewezekanaje kama huu ungekuwa mbovu. Dakika kumi za zoezi hilo ni bora kuliko hotuba zangu zote.

Lipo lile la Newcastle, 2 Machi 2002. Bergkamp anapokea pasi ya Robert Pires akiwa amelipa goli mgongo. Anaugusa mpira upite upande mmoja wa Nikos Dabizas, mwenyewe anazungukia upande wa pili, wanakutana nyuma ya beki. Watu hubishana kama alikusudia. Mimi naangalia kinachofuata na kuridhika: anamzuia Dabizas kwa mwili, hana papara, anaweka mpira pembeni mwa kipa kwa utulivu wa mtu aliyekwishaiona picha nzima.

Na lile la tatu pale Leicester, Agosti 1997, dakika za nyongeza: anautuliza hewani, anaubadilishia mguu bila kuuacha uanguke mbali, beki anapigwa chenga akiwa amesimama, bao. Leicester walisawazisha hata hivyo, 3-3, na bado ni Bergkamp anayekumbukwa.

Alijifunzia wapi? Utotoni, mtaani Amsterdam, alitumia saa nyingi akiupiga mpira ukutani na kuangalia unavyorudi: ukipigwa hivi unarudi hivi, ukizungushwa vile unaruka vile. Alichokuwa akitafuta si nguvu, ni kuuelewa mpira. Kwa upande wangu, habari hii ina uzito kuliko makombe yake yote, kwa sababu ukuta upo kila mtaa.

Enka

Mzazi anayemchagulia mtoto Van Basten lazima amsimulie pia upande huu, na nauandika nikiwa na uchungu.

Enka yake ya kulia ilianza kumsumbua tangu Ajax. Alicheza nayo. Alifanyiwa upasuaji, akarudi, akakanyagwa tena. Novemba 1992 alikuwa kileleni kabisa: manne dhidi ya Napoli, kisha manne dhidi ya IFK Göteborg, mtu wa kwanza kufunga manne katika mechi moja ya Ligi ya Mabingwa. Desemba akarudi tena mezani kwa daktari. Tarehe 26 Mei 1993 alicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Marseille akiwa hayuko sawa, Milan ikafungwa 1-0, naye akatolewa kabla ya filimbi ya mwisho. Uwanja ulikuwa uleule wa Munich alikofunga lile bao la 1988. Alikuwa na miaka 28, na hakucheza mechi nyingine ya ushindani. Alihangaika miaka miwili, kisha Agosti 1995 akazunguka San Siro, uwanja wa Milan, kuwaaga mashabiki, na kocha Fabio Capello akalia hadharani.

Bergkamp alistaafu 2006 akiwa na miaka 37.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kijana mmoja, namba tisa mzuri sana. Aliteguka enka siku ya Ijumaa, Jumapili tulikuwa na fainali ya mtaa. Akasema anaweza. Nikaifunga bandeji kwa mikono yangu, akacheza saa nzima, tukashinda. Hakugusa mpira tena mwaka ule, na aliporudi hakuwa na kasi ile. Kosa lile ni langu, mtoto wa miaka 15 hawezi kujua mipaka ya mwili wake. Tangu siku hiyo, nikiwawekea vijana mabao ya Van Basten, namalizia na picha zake akiaga kwa nguo za kawaida, na hakuna anayeniomba tena kuchezeshwa akiwa anachechemea.

Moyo na mipaka

Bergkamp hakuwa mkamilifu. Baada ya Kombe la Dunia la 1994 aliacha kupanda ndege. Ilimgharimu: mechi nyingi za ugenini Ulaya hakuzicheza, au alisafiri kwa gari na treni, na baada ya Euro 2000 aliachana na timu ya taifa akiwa bado ana mpira, Kombe la Dunia lililofuata likiwa Japani na Korea Kusini. Aliondoka na mechi 79 na mabao 37. Van Basten ana mechi 58 na mabao 24, na hakuwahi kufunga bao kwenye Kombe la Dunia. Watu wengi hushtuka wakisikia kwamba kwa jezi ya taifa Bergkamp ndiye mwenye wastani bora. Lakini Bergkamp hana kombe na Uholanzi, Van Basten analo, lile la Euro 1988.

Wote wawili walizuiwa penalti na mtu mmoja kwenye nusu fainali: Peter Schmeichel, kipa wa Denmark na Manchester United. Van Basten ni 1992, Uholanzi na Denmark kwenye Euro, mikwaju ya penalti, yeye peke yake akikosa. Bergkamp, aliyekuwa amefunga bao katika mechi hiyohiyo ya 1992, alikosa yake mwaka 1999 pale Villa Park, Arsenal dhidi ya Manchester United, Kombe la FA, mechi ikiwa 1-1 na inakwisha. Mwonyeshe kijana zote mbili. Anahitaji kujua kwamba waliofika huko nao walirudi vyumbani vichwa chini.

Kwa hiyo yupi?

Ukiniuliza nani alikuwa mshambuliaji bora zaidi, nasema Van Basten, na sisiti. Hata mwaka 1992, walipokuwa wote kwenye ubora wao, Van Basten alishika nafasi ya kwanza kwenye Ballon d'Or na Bergkamp ya tatu. Katika miaka mitano ya enka kuruhusu, sijui namba tisa aliyekuwa na silaha nyingi namna ile kwa wakati mmoja.

Ukiniuliza nani wa kumwonyesha kijana wako, nasema Bergkamp, isipokuwa kama hali yake ni hii: ni mrefu, tayari anautuliza mpira vizuri, na tatizo lake ni kwamba anazubaa ndani ya boksi, anasubiri pasi imkute. Huyo mpe Van Basten moja kwa moja. Mwambie asiangalie mpira, aangalie miguu ya Van Basten sekunde mbili kabla pasi haijapigwa.

Wengine wote, hasa wale wasio na mbio na wale wafupi ambao makocha huwapita bila kuwatazama, waanze na Bergkamp. Hakuwa mwenye kasi kuliko wenzake. Alifika mapema kwa sababu mguso wake wa kwanza ulimpa hatua mbili ambazo mwenzake alilazimika kuzikimbilia. Hicho kinafundishika katika uwanja wa vumbi wenye mashimo, tena huko zaidi, kwa kuwa mpira unaoruka ovyo unakulazimisha kuuelewa.

Kama kijana ni mpachikaji mabao tu na hana hamu na haya yote, yupo Mholanzi wa tatu, Ruud van Nistelrooy: mabao 150 Manchester United, na yote isipokuwa moja aliyafunga akiwa ndani ya boksi. Huyo anastahili siku yake.

Saa moja ya kifurushi naigawa hivi. Dakika 40 Bergkamp, kuanzia Marseille, video ikisimamishwa kila mguso. Dakika 20 Van Basten: Adams, Kohler, Munich, halafu San Siro akiaga. Baada ya hapo weka simu mfukoni mwako, mpe kijana mpira, na umpeleke kwenye ukuta ulio karibu. Mguu wa kulia mara mia, kisha wa kushoto mara mia mbili, maana huo ndio utakaomkataa mwanzoni.